Data nimekusanya mimi, jina langu halimo: je, niache utafiti wa mbega?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti mwenye shahada ya kwanza ya usimamizi wa wanyamapori, mzaliwa wa bonde la Kilombero. Tangu nimalize chuo nimekuwa msaidizi wa utafiti katika misitu ya Udzungwa, kwenye mradi wa chuo kimoja cha nje unaochunguza malisho ya mbega wekundu. Kazi yangu ni kulifuata kundi tangu alfajiri linapoamka hadi jioni linapotafuta miti ya kulala, na kila baada ya nusu saa kuandika kwenye fomu kila mbega ninayemwona: ni dume, jike au mtoto, yuko kwenye mti gani, na anakula nini hasa, jani changa, kikonyo cha jani, tumba la ua au tunda bichi. Mwanzoni nilimtegemea mzee mmoja wa kijijini ambaye ni mwenzangu kazini, kwa sababu yeye hukwangua gome kidogo kwa panga, akalinusa, akautaja mti bila kuangalia juu. Siku hizi miti mingi naitambua mwenyewe.

Mwaka jana makala ya mradi ilitoka katika jarida la kimataifa. Niliisoma kwenye simu nikazitambua siku zangu ndani ya majedwali, hata ule msimu ambao kundi lilishuka hadi ukingoni mwa msitu karibu na mashamba ya miwa. Miongoni mwa waandishi hapakuwa na jina langu wala la mzee. Katika shukrani tumetajwa kwa pamoja kama wasaidizi wa uwandani, bila majina. Profesa si mtu mbaya, hulipa kwa wakati na hutuuliza habari za nyumbani, lakini sijawahi kutia saini karatasi yoyote zaidi ya ile ya kupokea posho, na nilipotaka kumuuliza nilikosa ujasiri.

Sasa mkataba unakwisha. Nimeambiwa kwamba anakuja mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka nje, na nimeombwa nimfundishe kundi, njia na majina ya miti, kwa posho ya chakula tu, mpaka fedha mpya zipatikane. Mama yangu, kwa upande wake, amenitafutia nafasi katika ofisi ya mikopo Ifakara. Nina wadogo wawili sekondari, na mama haoni faida ya kazi hii, wala hajawahi kupenda kwamba kambini nalala mwanamke peke yangu.

Data zote za miaka hiyo ninazo kwenye flashi, kwa kuwa ndiye niliyeziingiza kwenye kompyuta. Rafiki yangu wa chuo ananishauri niandike makala yangu mwenyewe kutokana na hizo data. Je, ni kosa? Na je, mtu kama mimi, asiye na shahada ya uzamili, anaweza kupata fedha za utafiti wake, au nikubali tu kwenda Ifakara?

Ni mimi,
Binti wa Kilombero

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na flashi, kwa kuwa hilo halisubiri. Usiandike makala kutokana na data hizo bila ruhusa. Uliziandika kwa mkono wako, naelewa, lakini swali la utafiti, mbinu, kibali na fedha ni vya mradi, na ukichapisha kwa siri utaonekana mwizi katika fani ambayo watu wake ni wachache na wanafahamiana wote, kuanzia wanaotoa vibali hadi wanaosoma maandiko ya kuomba ruzuku. Kuwa na nakala si kosa, kwa kuwa uliziingiza kwa kazi uliyotumwa. Kosa litaanza ukiificha. Kwa hiyo mwambie profesa kwamba nakala unayo, na katika barua hiyohiyo uliza jambo ambalo umeshindwa kuliuliza kwa mdomo.

Barua yenyewe isiwe ya malalamiko. Andika kwa ufupi, kwa mfano: «Nimesoma makala yetu na nimefurahi kuiona imetoka. Ningependa katika makala inayofuata nishiriki kuchambua data na kuandika, ili niwe mmoja wa waandishi. Naomba pia ruhusa ya kutumia kumbukumbu za msimu wa kiangazi kwa uchambuzi wangu mdogo, nawe ukiwa mwandishi mwenza. Naomba tukubaliane haya kwa maandishi kabla sijaanza kumfundisha mwanafunzi mpya.» Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kundi lililozoea watu, njia zake na majina ya miti inayoliwa ni ujuzi unaochukua miaka kuupata, na mgeni atakayeukuta tayari ataokoa muda mrefu wa shahada yake. Huo si msaada wa kutoa kwa sahani ya wali. Kama fedha za kukulipa hazipo, jibu kwa heshima kwamba utafurahi kumfundisha zitakapopatikana.

Kuhusu jina, ni haki ujue kanuni ilivyo, usije ukadai jambo kwa namna itakayokataliwa kirahisi. Majarida mengi hayahesabu kukusanya data peke yake kuwa kunatosha kumfanya mtu awe mwandishi. Hutaka pia awe ameshiriki kubuni, kuchambua au kuandika, na awe ameisoma na kuikubali makala nzima kabla haijatumwa. Kwa hiyo profesa wako anaweza kusema kwamba hakuvunja kanuni. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili ambao viongozi wengi wa miradi huusahau: anayeamua nani aalikwe kuchambua na kuandika ni wao wenyewe, na msaidizi asiyealikwa kamwe hawezi kutimiza sharti hilo hata akitembea msituni maisha yake yote. Kuwaacha bila majina hata katika shukrani, wewe pamoja na mzee anayeijua miti kwa harufu ya gome, hakuna kanuni iliyolazimisha.

Mfano wa jambo hili kufanywa vizuri tunao hapahapa nchini. Kipunji, yule kima wa Mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, alipotangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, miongoni mwa waandishi saba wa makala ile walikuwamo Noah Mpunga na Sophy Machaga, Watanzania waliokuwa katika kazi yenyewe ya Nyanda za Juu Kusini. Sensa ya kwanza ya mnyama huyo ilipochapishwa mwaka 2008, ikihesabu kipunji 1,117 tu, majina yao yalikuwamo tena. Na habari za kima yule hazikuanza na wanasayansi. Wawindaji wa pande za Rungwe walikuwa wakimsimulia kabla hajapigwa picha. Ukimwandikia profesa, huna haja ya kumtajia mfano huu, lakini ujue moyoni kwamba huombi jambo geni.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko mengine, nalo halimhusu profesa. Umekuwa ukijibu swali la mtu mwingine. Tafuta lako, liwe dogo, liwe la msitu unaoujua, na liwe ambalo wahifadhi wa msitu huo wanahitaji jibu lake. Vijana wengi wanaomba fedha za «kuchunguza hali ya nyani wa Tanzania» na hawapati, na ni sawa wasipate, kwa kuwa swali la ukubwa huo halimalizwi na mtu mmoja.

Nikupe mfano kutokana na barua yako mwenyewe. Unajua mbega wekundu wanakula miti gani, na katika kila mti wanakula sehemu gani. Unajua pia kwamba wanashuka hadi ukingoni mwa msitu. Hadi mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa kwa siku maalumu kuokota kuni, kisha ruhusa hiyo ikasitishwa. Je, miche ya miti inayoliwa na mbega inaota upya katika ukanda ule wa ukingoni, au inayoota ni miti mingine ambayo mbega hawaigusi? Hilo ni swali la mtu mmoja na mzee mmoja. Halihitaji kulifuata kundi kuanzia alfajiri, wala kamera, wala gari. Linahitaji kamba, viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10 vilivyopangwa kutoka ukingoni kwenda ndani, fomu ya kuhesabia miche na kupima urefu wake, simu yenye GPS, na mtu anayeijua miche ingali na majani manne. Kazi kama hiyo hufanywa kiangazi, njia zikiwa kavu. Mbega huzaa mtoto mmoja kwa wakati, tena kwa nafasi ya miaka, na kwa kiasi kikubwa hutegemea majani machanga na matunda mabichi, basi mti wa chakula usiporithiwa na mche wake leo, pengo litaonekana kwa mbega baada ya muda mrefu, wakati ambapo hakuna wa kukumbuka lilipoanzia. Mhifadhi wa hifadhi angependa kulijua hilo mapema. Mwalimu yeyote wa ikolojia, iwe Sokoine, Mweka au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ataona kwamba hapo pana tasnifu nzuri ya uzamili.

Sikulazimishi swali hili. Huenda wewe unalo bora zaidi ambalo limekusumbua ukiwa chini ya mti umeshika fomu. Liandike kwa sentensi moja, kisha umsomee mzee. Asipoelewa unatafuta nini, lipunguze.

Fedha zipo kwa mtu wa hatua yako, na kukosa uzamili si kizuizi kila mahali. Shirika la Rufford la Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa wahifadhi wanaoanza kazi katika nchi zinazoendelea, na wanachoangalia ni kama kazi yako itamsaidia mnyama au msitu kweli, na kama wapo watu wanaokufahamu wa kukudhamini. Shirika la Primate Conservation la Marekani husaidia utafiti wa uwandani wa jamii ya nyani walio hatarini. Chama cha wanaprimatolojia wa Afrika, kilichofanya mkutano wake wa kwanza mwaka 2017 huko Côte d'Ivoire, kilianzishwa hasa ili Waafrika wanaowachunguza wanyama hawa wafahamiane na kuinuana. Nyumbani, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, huandaa mkutano wa kisayansi Arusha kila baada ya miaka miwili, na huko kijana huweza kusimama na bango lake mbele ya watu walewale watakaosoma maombi yake ya kibali. Na kama unahisi takwimu zinakutisha, Tropical Biology Association huendesha kozi za ikolojia za uwandani Afrika Mashariki, Amani kule Usambara na Kibale Uganda zikiwa miongoni mwa sehemu ambako zimefanyika, na huwatafutia Waafrika ufadhili wa kuhudhuria. Kabla ya kuomba popote soma masharti ya mwaka huohuo, kwa kuwa hubadilika.

Katika bajeti ya andiko lako usijisahau. Vijana wetu huandika nauli, kamba, betri na ada ya kibali, kisha sehemu ya posho yao wenyewe wakaiacha tupu wakidhani ndiyo unyenyekevu. Msomaji wa andiko haoni unyenyekevu hapo. Anaona mtu atakayeishiwa katikati ya kazi. Weka chakula chako, malazi yako na malipo kamili ya mzee, na jina lake liwemo katika andiko kama mtaalamu wa miti, kwa kuwa ndivyo alivyo. Ukishaanza kudai jina lako, usimfanyie yeye ulilofanyiwa.

Kibali nacho usikichukulie kuwa jambo la mwisho. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, na ukiamua kwenda katika hifadhi ya mazingira asilia kama Magombera utahitaji pia kuzungumza na Wakala wa Huduma za Misitu. Uwe umefika ofisi ya hifadhi, ukamweleza mhusika swali lako na kumuuliza kama lina faida kwake, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa maombi. Barua ya mhifadhi inayosema kwamba anahitaji jibu hilo ina nguvu kuliko kurasa kadhaa za maelezo yako. Usiingie msituni hata kwa kujaribu kamba, ukitegemea kwamba askari wanakufahamu kutoka mradi wa zamani.

Huenda unajiuliza pia kama mtu kama wewe anahitajika katika kazi hii. Nitakujibu kwa mambo mawili yaliyotokea. Mwezi Mei 1975, wanafunzi wanne walitekwa nyara Gombe na waasi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, na watafiti wa kigeni wakaondolewa. Kumbukumbu za kila siku za sokwe hazikukatika, kwa sababu Watanzania waliokuwa wasaidizi waliendelea kuingia msituni na kuandika, na utafiti ule ulioanza mwaka 1960 ungali ukisomwa kama kumbukumbu moja ndefu kutokana na kazi yao. La pili ni la milima yako mwenyewe. Hesabu zilizorudiwa kwa miaka kwenye njia zilezile ndizo zilizoonyesha kwamba katika msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi ya taifa, mbega waliendelea vizuri, ilhali katika msitu wa Uzungwa Scarp, wa milima hiyohiyo, ambako ulinzi ulikuwa dhaifu na uwindaji mkubwa, walipungua vibaya. Tofauti hiyo isingeonekana kwa mtafiti anayekuja msimu mmoja na kuondoka. Kule Ghana na Côte d'Ivoire, mbega mwekundu anayeitwa Miss Waldron hajaonekana kwa uhakika na mwanasayansi yeyote tangu mwaka 1978. Wanyama hawa wanahitaji watu wanaobaki karibu nao kwa miaka, na wewe ulizaliwa bondeni pao.

Kwa ninyi viongozi wa miradi mnaosoma safu hii, wa nje na wa hapa nyumbani, naomba mchukue hatua moja kabla ya msimu ujao. Mkataba wa msaidizi wenu uwe na kifungu kinachosema data anazokusanya zitatumikaje, atapata nafasi gani ya kuchambua na kuandika, na atatajwaje kwa jina. Ni ukurasa mmoja. Sheria zetu hutaka mtafiti wa kigeni awe na mshirika Mtanzania, lakini mshirika huyo mara nyingi ni mwalimu wa chuo aliye mbali na msitu, na yule aliyelowa mvua haonekani popote katika karatasi hizo.

Kambini, binti yangu, usiendelee kulala mwanamke peke yako, na hili liweke katika barua yako na katika andiko lako bila haya. Unaweza kudai hema lako lenye kufungwa, choo na sehemu ya kuogea yenye faragha, mwanamke wa pili kambini, ambaye anaweza kuwa mpishi au msaidizi wa pili, na jina la mtu aliye nje ya kambi unayeweza kumpigia simu jambo likiharibika. Wafadhili wengi siku hizi huuliza mambo haya wenyewe. Mama yako alikuwa sahihi kulihofia, na ukimwonyesha kwamba umelishughulikia kwa maandishi, mazungumzo yenu juu ya mengine yatakuwa mepesi.

Na kuhusu Ifakara: kama profesa atakupa mkataba wenye malipo ya kumfundisha mwanafunzi, pamoja na ruhusa ya uchambuzi wako, baki msituni. Kama hatatoa, chukua kazi ya mikopo. Ada ya wadogo zako haitasubiri majibu ya ruzuku, na tangu kuandika andiko hadi kupata fedha na kibali inaweza kupita miezi mingi ambayo lazima uishi. Ifakara na Mang'ula, iliyo na makao makuu ya hifadhi, ziko bonde moja. Mwisho wa wiki unaweza kukutana na mzee, ukaanza orodha ya miti inayoliwa na picha za miche yake inayoota vijijini na kandokando ya mashamba, nje ya mpaka wa hifadhi, ambako kwa ruhusa ya mwenye shamba mnaweza kutembea. R na QGIS, programu za kompyuta za takwimu na ramani, hupakuliwa bure, na jioni zako zinatosha kujifunza kwa kutumia data yoyote iliyo wazi, si ile ya kwenye flashi mpaka ujibiwe.

Mwambie mama ukweli kabla hujaanza kazi, kwamba unaingia ofisini huku umeshatuma andiko, na kwamba likikubaliwa utaomba ruhusa au utaondoka. Mtajie mwezi unaotarajia jibu, na kiasi utakachopeleka nyumbani kila mwezi hadi hapo. Barua ya profesa iende wiki hii. Akikujibu, niandikie tena, na nikiona rasimu ya sentensi yako moja ya swali nitakuambia kama bado ni kubwa mno.